Nusu Dakika kwa Futi: Historia ya Utambi na Fyuzi

Mwaka 1830, chini ya ardhi ya Cornwall, pembe ya kusini-magharibi ya Uingereza, mchimbaji aliyetaka kupasua mwamba alianza kwa nyundo. Mmoja alishika mtaimbo na kuuzungusha kidogo kila baada ya pigo, wenzake wakagonga kwa zamu, hadi tundu likapatikana. Wakamimina baruti nyeusi. Wakachomeka sindano ndefu ya shaba iliyofika kwenye baruti, wakashindilia udongo kuizunguka, kisha wakaichomoa taratibu ili ibaki njia nyembamba. Sindano ilikuwa ya shaba kwa sababu chuma kikikwaruza jiwe hutoa cheche. Ndani ya njia ile waliingiza kitu cha kupeleka moto: mabua, au mashina ya manyoya ya bata bukini yaliyojazwa baruti na kuchomekwa moja ndani ya jingine. Mtu mmoja akawasha ncha, akakimbia gizani.

Ajali nyingi zilianzia hapo, kwenye unyoya. Baruti iliyomo ndani yake haikuwa na mwendo unaojulikana. Ikiwa legevu, moto uliruka mara moja na kumkuta mtu bado amepiga magoti. Ikiwa imeshindiliwa mno, au unyoya umevunjika chini ya udongo, moto ulizimika. Hatari kubwa kuliko zote ilikuwa moto usiozimika wala usiofika: cheche inafukuta mahali penye unyevu, kimya kinatanda, watu wanangoja, mwisho mmoja anarudi kuangalia kuna nini. Waliopona wengi wao walibaki vipofu au bila mikono.

William Bickford hakuwa mchimbaji. Alizaliwa Ashburton, katika jimbo la Devon, mwaka 1774, akahamia Tuckingmill, kitongoji cha mji wa Camborne, akafanya biashara ya ngozi. Lakini katika Camborne ya siku zile hapakuwa na mtu aliyeishi mbali na migodi ya shaba na bati. Majeruhi walipitishwa mitaani, na wajane walikuwa majirani. Watu walizoea. Bickford hakuzoea, na kwangu mimi uvumbuzi wake ulianza hapo, kabla hajagusa uzi wala baruti.

Alipata alichokuwa akikitafuta kwa rafiki yake James Bray, msokota kamba. Alimtazama akifanya kazi, nyuzi zikijizungusha na kubana, na ndani ya mzunguko ule akaona nafasi. Kama baruti laini ingedondoshwa katikati ya nyuzi wakati zinasokotwa, kamba yenyewe ingeibeba, ikiwa na unene uleule kutoka mwanzo hadi mwisho. Akaungana na mkwewe George Smith na mchimbaji mzoefu, Thomas Davey, wakatengeneza mashine. Baruti ilitiririka kutoka juu; safu ya kwanza ya nyuzi ikaizungukia; safu ya pili ikasokotwa kuelekea upande wa kinyume ili ya kwanza isifumuke; juu yake ikapakwa lami kuzuia maji. Tarehe 6 Septemba 1831 Bickford alipewa hataza ya utambi wa usalama.

Uzuri wa utambi ule ulikuwa kwenye mwendo wake. Futi moja iliungua kwa takriban nusu dakika. Futi sita, dakika tatu. Kwa mara ya kwanza mchimbaji aliweza kuamua mwenyewe muda anaouhitaji, akaukata kwa kisu kutoka kwenye bunda, akauwasha na kuondoka kwa miguu yake bila kukimbia. Mtaani leo tunasema muda ni mali. Kule chini muda ulikuwa macho na vidole, na Bickford aliutia ndani ya kamba iliyoweza kupimwa kwa rula.

Mwenyewe hakuona matunda. Mwaka 1832 alipatwa na kiharusi, na mwaka 1834 akafariki. Kiwanda cha Tuckingmill kiliendelea mikononi mwa Smith na Davey. Mwaka wa kwanza kilitengeneza maili 45 za utambi. Karne moja baadaye uzalishaji ulikuwa umepita maili 100,000 kwa mwaka, urefu unaoweza kuizunguka dunia mara nne. Kazi ya kusokota, kupaka na kufunga mabunda ilifanywa kwa sehemu kubwa na wanawake, wengine wasichana wadogo, waliokaa kutwa nzima karibu na baruti. Majina yao hayamo kwenye hataza, lakini maili zile 100,000 zilipita mikononi mwao, na mchimbaji aliyeondoka salama aliwategemea wao: kama mmoja angeacha pengo la inchi moja bila baruti, unyoya wa bata bukini ungekuwa umerudi.

Lipo jambo lingine ambalo vitabu vya uhandisi hulipita haraka. Wachimbaji wengi wa Cornwall hawakulipwa mshahara wa siku. Walipatana na mgodi kwa kipande cha mwamba, na gharama za mishumaa na baruti zilikatwa kwenye malipo yao. Kwa mtu wa namna hiyo, kifaa cha usalama kinaingia kwenye hesabu ya chakula cha watoto. Bickford alijua hivyo. Ilibidi utambi wake uwe wa bei ambayo mchimbaji angeimudu. Naona hili ni la maana sawa na mashine yenyewe. Usalama usioweza kununuliwa na anayeuhitaji haujavumbuliwa bado.

Utambi ulisafiri na wachimbaji wenyewe. Watu wa Cornwall walipohamia Marekani, Australia, Mexico na Afrika Kusini, waliubeba pamoja na ujuzi wao. Mwaka 1836 ubia ulifungwa na Richard Bacon huko Connecticut, Marekani, na Simsbury ikawa makao ya kazi hiyo kwa vizazi vilivyofuata. Miaka ya 1860 Alfred Nobel alipoleta fataki ya kuwashia na kisha baruti yake mpya ya dainamaiti, utambi wa Bickford haukustaafu. Ndio uliopeleka moto hadi kwenye fataki. Dhahabu ilipopatikana Witwatersrand mwaka 1886, ukashuka tena ardhini kwa maelfu ya maili, na safari hii waliouwasha walitoka Msumbiji, Malawi na hata Tanganyika. Wazee wa Songea na Tukuyu bado wanaikumbuka Wenela, shirika lililowaandikisha vijana na kuwapeleka Johannesburg. Katika migodi ile utambi uliwaepusha na mlipuko wa ghafla. Haukuwaepusha na vumbi la mwamba lililobaki mapafuni.

Hadi leo, kwenye maduara, yaani mashimo, ya wachimbaji wadogo wa Tanzania, maneno matatu huenda pamoja: baruti, fataki, tambi. Na kosa linalojirudia ni lilelile la kabla ya Bickford, isipokuwa sasa linafanywa kwa hiari: kuukata utambi mfupi ili kubana matumizi. Baharini ni vibaya zaidi. Mvuvi wa baruti huukata mfupi makusudi, chupa ilipuke kabla haijazama sana, na kwenye pwani yetu wapo wanaume wasio na viganja kwa sababu ya sentimita chache. Matumbawe waliyoyavunja hayataota tena katika maisha yao.

Majeshi nayo yalikuwa na utambi wao, wa tangu zamani, uliochomekwa ndani ya bomu la mzinga ili lilipuke baada ya kitambo. Bickford alinunua muda wa mtu kuondoka. Mhandisi wa mizinga alitafuta muda wa kumkuta mtu bado yupo. Ufundi huo ulikua hadi kufikia saa za shaba zilizofungwa kwenye ncha za mabomu ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na katika Vita vya Pili Wamarekani wakaweka ndani ya ncha hiyo redio ndogo iliyotambua kwamba lengo limekaribia. Januari 1943 meli USS Helena iliiangusha ndege ya Japani kwa kifaa hicho katika Bahari ya Pasifiki. Sitakaa hapo. Historia ya vita ina waandishi wa kutosha.

Wakati Tuckingmill inasokota kamba, upande wa pili wa bahari, Ufaransa, tatizo jingine lilikuwa linakua juu ya nguzo. Nyaya za telegrafu zilikuwa zimeanza kunyooshwa kati ya miji, na waya mrefu uliotandazwa hewani huialika radi. Umeme wa radi ulifuata waya hadi ndani ya kituo, ukachoma mitambo, na ukaweza kumkuta karani mkono wake ukiwa juu ya chombo. Louis Breguet, wa ukoo mashuhuri wa mafundi saa wa Paris, alikuwa miongoni mwa watengenezaji wa mitambo hiyo. Mwaka 1847 alipendekeza kwamba kabla waya haujaingia kituoni, kipande chake kimoja kiwe chembamba kuliko sehemu nyingine zote. Radi ikija, kipande hicho kitayeyuka, njia itakatika, na yaliyomo ndani yatabaki salama.

Fikiria ujasiri wa wazo hilo kwa fundi. Tangu mwanadamu aanze kutengeneza vitu, fundi hodari ni yule ambaye kazi yake haivunjiki. Breguet aliwashauri waweke udhaifu kwa makusudi, mahali walipopachagua wao, ili mahali pengine pote papone. Kila fyuzi iliyopo duniani leo, kuanzia ile ya taa za gari hadi ile ya juu ya nguzo ya transfoma, imetokana na shauri la namna hiyo.

Umeme wa kuwasha taa ulipoingia majumbani, hatari ilibadilika. Haikuwa tena radi ya mara moja moja. Umeme uleule ulionunuliwa uliweza kuichoma nyumba, endapo nyaya mbili zingegusana na kupiga shoti, au taa nyingi mno zingewekwa kwenye waya mmoja. Thomas Edison alilijua hilo kabla hajauza taa ya kwanza, kwa sababu washindani wake walikuwa makampuni ya gesi, na moto mmoja tu ungetosha kuwatisha wateja. Mei 1880 alipata hataza ya waya wa usalama: kipande chembamba kinachoyeyuka mkondo ukizidi, kikiwa kimefunikwa ili matone ya madini moto yasidondoke na kuanzisha moto uleule kinachouzuia. Septemba 1882 kituo chake cha Pearl Street kilipoanza kuuza umeme New York, ulinzi wa namna hiyo ulikuwa sehemu ya mfumo.

Swali lililobaki lilikuwa la kipimo. Waya uwe mwembamba kiasi gani? William Preece, mhandisi wa Posta ya Uingereza, alilishughulikia kwa subira katika miaka ya 1880. Aliyeyusha nyaya za shaba, risasi, bati, chuma na platinamu, za unene mbalimbali, akaandika mkondo uliokata kila mmoja. Kutokana na majedwali yake ilipatikana kanuni inayotumika hadi leo kwa makadirio: waya ukiongezwa unene mara nne, mkondo wa kuuyeyusha huongezeka mara nane. Kwa kanuni hiyo, waya wa shaba wenye kipenyo cha milimita 1, ukiwa peke yake hewani, huhitaji takriban ampea 80 ndipo uyeyuke.

Namba hiyo, 80, ningependa kila mtu mwenye plagi nyumbani aijue. Fyuzi inapoungua, wengi huchukua waya wa shaba uliobaki, au msumari, au karatasi ya pakiti ya sigara, wakaziba pengo. Redio inawaka. Lakini plagi iliyokuwa ikatike kwenye ampea 3 au 13 sasa inaweza kungoja ampea 80 au zaidi, na waya wa redio ile, mwembamba uliopita chini ya zulia au nyuma ya kitanda, hauwezi kubeba hata nusu ya hizo. Udhaifu haukuondoka. Umehama kutoka kwenye plagi, ambako ulipangwa, ukaenda kwenye waya wa chumbani, ambako watoto wamelala.

Plagi hiyo yenyewe, ya miguu mitatu bapa, ina hadithi inayotuhusu. Mwaka 1942, mabomu yakiendelea kuanguka, Uingereza iliunda kamati ya kupanga umeme wa nyumba zitakazojengwa baada ya vita. Ndani yake alikuwemo mwanamke mmoja tu, Caroline Haslett, aliyekuwa katibu wa kwanza wa Chama cha Wanawake Wahandisi tangu 1919 na kiongozi wa chama cha kuwafundisha wanawake matumizi ya umeme nyumbani. Shaba ilikuwa adimu. Kamati ikapendekeza waya mmoja uzunguke vyumba vyote na kurudi ulikoanzia, ukilindwa na fyuzi moja ya ampea 30, badala ya kila soketi kuvuta waya wake kutoka kwenye boksi kuu. Shaba iliokolewa, lakini ampea 30 ni nyingi mno kwa waya wa taa ya mezani. Kwa hiyo fyuzi ya pili ilibidi iwekwe ndani ya kila plagi. Mwaka 1947 kiwango cha plagi ya ampea 13 kilichapishwa, kikiwa na mguu wa ardhi mrefu kuliko mingine, unaofungua vifuniko vya matundu ya umeme ili kidole cha mtoto kisiingie.

Mpangilio huo ulifuata njia za utawala wa Waingereza: Dar es Salaam, Zanzibar, Mombasa, Kampala, Muscat. Ukivuka kutoka Ngara kwenda Rwanda, au kutoka Kigoma kwenda Bujumbura na ng'ambo ya ziwa Kongo, unakutana na plagi za vijiti vya mviringo, za njia ya Wabelgiji, na hazina fyuzi ndani. Kule kila waya unaotoka ukutani umelindwa tangu kwenye boksi. Mtu akivusha chombo mpakani na kubadilisha plagi tu, anaweza kuacha fyuzi nyuma bila kujua.

Waingereza huviita vyote hivi, utambi na fyuzi, kwa neno moja, na wengi hudhani ni kitu kimoja. Si kimoja. Utambi ulipata jina lake, kupitia Kiitaliano, kutokana na kijiti cha kusokotea uzi, kwa sababu vibomba vya kwanza vya baruti vilikuwa na umbo lake. Fyuzi ya umeme inatoka kwenye kitenzi cha Kilatini cha kumimina na kuyeyusha. Kiswahili hakikuchanganya. Na kitenzi hicho cha pili kilizaa tawi la tatu ambalo kamusi zetu zinaliita myeyungano: viini viwili vya atomu kuungana na kuwa kimoja.

Hilo lilianzia kwenye swali la jua. Kama jua lingekuwa makaa ya mawe, lingekwisha baada ya miaka elfu chache. Mwaka 1920 Arthur Eddington, mwanaastronomia wa Cambridge, alitoa jibu akitegemea vipimo vya mwenzake Francis Aston: kiini cha heli ni chepesi kidogo kuliko viini vinne vya haidrojeni vikipimwa pamoja, na uzito unaopotea ndio unaokuwa mwanga. Mwaka 1934 Mark Oliphant, katika maabara ya Ernest Rutherford pale Cambridge, aliunganisha viini vya haidrojeni nzito kwa mikono ya binadamu, na mwaka 1939 Hans Bethe akaeleza hatua kwa hatua jinsi nyota zinavyofanya. Jua letu huunganisha takriban tani milioni 600 za haidrojeni kila sekunde, na kati ya hizo tani milioni 4 hivi hugeuka nishati. Mwaka 1952 Wamarekani waliulipua myeyungano kama bomu. Kuutuliza ili uchemshe maji ya mtambo wa umeme kumechukua miaka yote iliyofuata. Tarehe 5 Desemba 2022, huko California, leza ziliingiza megajuli 2.05 kwenye punje ya haidrojeni, ikatoa 3.15. Hesabu hiyo haijumuishi umeme uliotumika kuziendesha leza zenyewe, ambao ulikuwa mwingi zaidi, na hadi sasa hakuna kituo kinachouza umeme wa namna hii.

Mtambo mkubwa kuliko yote wa kujaribu myeyungano unajengwa Cadarache, kusini mwa Ufaransa, na mataifa zaidi ya 30, kwa jina la ITER. Humo haidrojeni itapashwa moto hadi nyuzi milioni 150, joto lisiloweza kuguswa na ukuta wa kitu chochote, hivyo itashikiliwa angani kwa sumaku. Sumaku kuu 18 zitapozwa hadi karibu nyuzi 269 chini ya sifuri, hali ambayo nyaya zake hupitisha mkondo wa ampea 68,000 bila kupoteza chochote. Nishati inayolala ndani yake ni gigajuli 41. Kipande kidogo cha waya kikipata joto kwa bahati mbaya, kitaacha kupitisha umeme bure, kitazidi kuchemka, na nishati yote ile itataka kutokea hapo. Kwa hiyo mkondo lazima ukatwe haraka na kuelekezwa kwenye vyuma vya kuubadilisha kuwa joto.

Swichi za kawaida zimewekwa kwa kazi hiyo. Nyuma yao, endapo zitashindwa, wahandisi wamepanga vikata umeme vya akiba, vinavyofanya kazi mara moja tu na kubadilishwa. Ndani ya kila kimoja mna shaba nene inayopitisha mkondo, na pembeni yake kiasi kidogo cha mlipuko kinachongoja amri ya kuipasua.